Spidi Iliyoandikwa, Spidi Iliyomezwa

Hakuwa mtu wa kuuliza kitu kina kasi gani. Aliuliza kimepimiwa wapi, nani alipima, na mgonjwa alikuwa upande gani wa nyumba wakati kinapimwa. Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akikubali namba kabla ya kujua ilikotoka, na kwa sababu hiyo watu wengi walimwona msumbufu. Mimi nilimwogopa kwanza. Baadaye nilianza kumstaajabia, na hata leo sijaacha.

Maganzo nzima ilimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusimama mbele ya watoto wa shule. Alifundisha wauguzi kule Kolandoto mpaka alipostaafu, kisha akahamia kwenye nyumba aliyojijengea Maganzo, upande wa juu wa barabara kuu, ambako kelele za wachekechaji wa mchanga wa almasi hufika tu pale upepo unapotaka. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati, ikiwa na jiko la ndani lenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Sakafu hiyo ndiyo iliyomwangusha. Alivunjika mkono, akalala pale tangu asubuhi hadi jirani yake, Mama Kulwa, alipokuja jioni kuomba chumvi.

Watoto wake walikaa kikao kwa simu. Mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Dodoma, alitaka mama yao ahamie kwake na nyumba ya Maganzo ifungwe. Mwalimu alikataa. Baada ya mabishano walifikia makubaliano: nyumbani itawekwa intaneti, na kamera moja jikoni na nyingine sebuleni, ili mwanawe aweze kumtazama kwa simu wakati wowote. Kamera zikifanya kazi, atabaki kwake. Zikiendelea kusumbua hadi mavuno, atafuatwa na gari, na hakutakuwa na mjadala mwingine.

Hivyo ndivyo kazi yangu ilivyoingia katika maisha yake. Mimi nafunga intaneti majumbani na madukani, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Ushirombo, Katoro na Geita. Sikusomea. Nilijifunza kwa vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, kwa kuharibu vifaa vyangu mwenyewe, na kwa kuwauliza mafundi wa redio za migodini maswali hadi wakanikimbia. Kabla ya hapo nilikuwa namjua Mwalimu kama wanavyomjua wote: mama mrefu mwenye gauni la kitambaa kizito, asiyekupa kiganja unapomsalimia, bali anayekushika kifundo cha mkono. Kabla hujamaliza shikamoo yako alikuwa ameshajua mapigo ya moyo wako.

"Marahaba," alikuwa akisema, bado amekushika. "Umekimbia, au umegombana na mtu?"

Na mara nyingi ulikuwa umegombana na mtu.

Siku aliyoniita, kamera zilikuwa zimefungwa tayari na vijana wa kampuni fulani, wakaondoka. Picha zilikuwa zinaganda. Mwanawe alimwona mama amenyanyua kikombe, kikombe kikabaki hewani, kisha akamwona amekaa chumba kingine. Kila alipolalamika, vijana wale walifungua ukurasa wa modemu kwa mbali na kumjibu kwamba modemu inasoma megabiti hamsini kwa sekunde, kwa hiyo tatizo ni simu yake. Nami nilipofika nilifungua ukurasa uleule. Nikaiona hamsini imekaa pale, ya kijani, imetulia.

"Hapa ni pazuri, Mwalimu," nikasema. "Modemu imeshika hamsini."

"Namba hiyo ameiandika nani?"

"Modemu yenyewe."

"Kwa hiyo mgonjwa amejiandikia cheti cha afya, na nyie wote mmepiga muhuri." Akavuta kiti, akaketi. "Kaa hapo, Fundi. Nikueleze kuhusu vidonge."

Hadithi ya vidonge nimekuja kuisikia tena kutoka kwa watu wengine, kwa hiyo najua hakuitunga kwa ajili yangu. Wodini kwake kulikuwa na mzee ambaye kidonda chake hakikupona ingawa dawa zote zilikuwa zimeandikwa na kutolewa. Daktari aliongeza dozi. Kidonda kikabaki vilevile. Daktari akabadilisha dawa. Asubuhi moja Mwalimu alimwambia mzee asimame, akatandika kitanda kile kwa mikono yake, na kwenye mshono wa godoro akakuta vidonge vimepangwa kama mbegu za maboga zilizoanikwa. Mzee alikuwa akiviogopa, akawa anavipokea kwa heshima na kuvihifadhi. Mwalimu hakumgombeza. Aliwageukia wanafunzi wake.

"Dozi iliyoandikwa ni maneno ya daktari," akawaambia. "Dozi iliyomezwa ndiyo dawa. Kuanzia leo hamwondoki kitandani mpaka koo limepanda na kushuka."

Kisha akanitazama mimi na kompyuta yangu. "Hamsini hiyo imeandikwa. Nani ameimeza?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha kazi yangu upya, na ninaweza kulieleza kwa maneno ya kawaida. Modemu inazungumza na watu wawili. Upande mmoja inazungumza na mnara, kupitia lile dishi dogo la juu ya bati na waya unaoshuka ukutani. Upande wa pili inazungumza na nyumba, yaani simu, televisheni, kamera, na mara nyingi bila waya. Namba inayoonyeshwa kwenye ukurasa wake inahusu mazungumzo ya kwanza tu: modemu na mnara wamekubaliana kwamba wanaweza kupitishiana kiasi hicho. Haisemi kama mnara una kiasi hicho cha kukupa saa hii, wala kama kilichofika kwenye modemu kinafika jikoni. Ni makubaliano, si mzigo. Mtu anayeisoma namba hiyo na kusema "intaneti ya nyumba hii ni hamsini" ni sawa na muuguzi anayesoma jalada na kuripoti kwamba mgonjwa amemeza.

Tulianza kupima. Nilitaka kupima mara moja niende zangu; Mwalimu alikataa. Alitaka tuanze mwanzoni mwa mnyororo na kuufuata hadi kitandani, hatua kwa hatua, bila kuruka. Nikaunganisha kompyuta yangu kwenye waya uliotoka kwenye modemu: kilichofika kilikuwa pungufu ya hamsini, lakini si haba. Hapo nikamweleza kwamba upungufu fulani ni wa kawaida, kwa sababu kila furushi la data husafiri na anwani na vifungashio vyake, na vifungashio hivyo vinakula sehemu ya njia. Alilikubali hilo mara moja. "Hata sindano ina kinachobaki kwenye bomba," akasema. Kisha nikachomoa waya, nikapima kwa hewa hatua chache kutoka hapo. Namba ikaporomoka kama jiwe kwenye duara, shimo la wachimbaji.

"Modemu yenyewe iko wapi?" nikauliza, maana mpaka hapo nilikuwa nimeona waya tu ukiingia kwenye tundu.

Mwalimu akatoa ufunguo shingoni mwake.

Ilikuwa ndani ya kabati la dawa. Kabati la chuma, zito, la aina ya hospitali za zamani, lenye milango miwili na kufuli. Alikuwa amelinunua kwenye mnada na aliliamini kuliko benki. Vijana wa kampuni walipomuuliza modemu iwekwe wapi, aliwaamuru watoboe tundu nyuma ya kabati, waya upite, na kifaa kifungiwe ndani pamoja na pamba na spiriti. Maganzo, alinieleza, kitu kinachowaka taa usiku kina wenyewe wawili: aliyekinunua na anayekitazama kupitia dirishani.

Nimeshaona makosa ya namna hiyo mahali pengi katika ukanda wetu wa madini, ambako watu wamezoea kwamba cha thamani lazima kikae nyuma ya chuma. Nimekuta modemu ndani ya sefu, ndani ya ndoo ya bati, nyuma ya nondo za duka la mnunuzi wa dhahabu. Kila mara taa zinawaka kijani na namba ni nzuri, na kila mara mwenye mali anakasirika nikimwambia chuma kinazuia mawimbi. Nilijiandaa kwa hasira ya Mwalimu. Nikamweleza polepole.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Mimi ndiye niliyemfungia mgonjwa kwenye kabati la dawa," akasema, "halafu nikamlaumu mwanangu haoni."

Jioni ile ile alimweleza Mama Kulwa kosa hilo, na Jumapili akalieleza kanisani mbele ya kina mama wenzake, akicheka. Sijawahi kukutana na mtu mwenye elimu yake anayelibeba kosa lake sokoni namna hiyo. Niliwahi kumuuliza haoni aibu. Akanijibu kwamba muuguzi anayeficha kosa analirudia kwa mgonjwa mwingine, na mgonjwa huyo hajamkosea chochote.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na mambo yake, na mengine yalikuwa hayaelezeki. Alipima presha ya mtaa mzima kwa mashine yake ya mkononi, akiwapigia wanaume wazima kelele kuhusu chumvi, na ya kwake mwenyewe hakuruhusu mtu aipime. Chakula chake kilikuwa na chumvi kuliko cha mtu yeyote niliyewahi kula kwake. Akikohoa alichemsha majani ambayo angemtoa darasani mwanafunzi aliyeyataja. Aliwadai watu ukweli mchana kutwa, lakini kila mwanawe alipopiga simu na kumuuliza hali, jibu lilikuwa moja, hata siku ambayo mkono ulimuuma asiweze kukamua limau: "Mzima kabisa, baba. Hofu kwenu." Mama Kulwa alikuwa akisikia jibu hilo kutoka uani na kutikisa kichwa.

"Mayu, mbona unamdanganya mtoto?" aliwahi kumuuliza mbele yangu. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Mama Kulwa hakumwita kwa jina jingine.

"Simdanganyi. Namjibu salamu."

"Salamu yako inanuka dawa ya kuchua."

Mwalimu akauficha mkono unaomuuma nyuma ya gauni.

Alikuwa na misemo ambayo wanafunzi wake waliibeba kwenda nayo mbali. "Usiniambie amepona, niambie ametembea hadi wapi." "Joto la kwapani si joto la mdomoni, sema umepima wapi." Nilikuwa nafunga modemu kwenye zahanati moja karibu na Ushirombo, nikamwambia mganga aliyeniita kwamba imeshika vizuri kabisa. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, aliinua uso kutoka kwenye kazi yake.

"Umepimia wapi, Fundi? Kwenye kifaa, au kule chumba cha wazazi tutakapoitumia?"

Nikamtazama. "Wewe umesoma Kolandoto," nikasema.

"Umejuaje?"

Sikuwa na haja ya kumjibu. Tulianza kucheka wote wawili, na tukaenda kupima chumba cha wazazi, ambako kwa kweli hakukuwa na kitu. Nilirudi barabarani siku ile nikiwaza ni vyumba vingapi, katika zahanati ngapi ambazo sitazijua kamwe, mtu fulani amesimama akisubiri koo lipande na lishuke kwa sababu ya mwanamke mmoja anayeishi Maganzo.

Baada ya kuitoa modemu kwenye chuma na kuiweka juu ya rafu ya sebuleni, kamera zilipona asubuhi na mchana. Jioni ziliugua tena. Mwanawe alipiga simu akasema bado mama anaganda, na sauti yake ilikuwa na upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke. Mwalimu aliniita, na safari hii hakuniuliza swali. Aliniweka kwenye kiti cha uani kuanzia mchana, tukala matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa chai, tukapima, tukasubiri, tukapima.

Jua lilipoteremka wachimbaji walianza kupanda kutoka machimboni. Walipita barabarani wametapakaa vumbi jeupe, na karibu kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake: wengine wanatazama mpira, wengine wanawapigia wake zao Kigoma na Singida kwa picha. Nikamwonyesha kwa kidole. Mnara wa hapa ni mmoja, nikamwambia, na wote hawa wanakunywa kwake. Modemu yako bado inasema hamsini kwa sababu mkataba wake na mnara haujabadilika. Kilichobadilika ni foleni.

"Muuguzi mmoja, wodi nzima," akasema.

"Ndiyo hivyo."

Akawatazama wale vijana wakipita. Halafu akauliza jambo ambalo mimi, na kazi yangu yote hii, sikuwa nimewahi kuulizwa na mteja.

"Namba unazopima tangu mchana. Ni za kinachoingia au za kinachotoka?"

"Za kinachoingia, Mwalimu. Ndizo kila mtu anazotaka. Filamu, mpira, vyote vinaingia."

"Kamera yangu inaingiza nini?"

Kamera haiingizi kitu. Kamera inatoa. Picha yake inapanda kutoka jikoni kwenda mnarani na kutoka hapo kwenda Dodoma, na njia ya kupanda katika vifurushi vya majumbani ni nyembamba kuliko ile ya kushuka, kwa sababu waliovitengeneza wanajua watu wengi ni wapokeaji. Nilijua jambo hilo kutoka kwenye vitabu. Sikuwa nimelileta jikoni kwake.

"Wodini tunaandika vyote viwili," akaendelea, bila kunisuta. "Alichokunywa na alichokojoa. Mgonjwa anayemaliza jagi la uji na hatoi hata kijiko, huyo si mzima. Huyo anavimba."

Tukapima kinachotoka. Kilikuwa kidogo mno, na jioni ile kilikuwa karibu na sifuri. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa umekaa wakati sote tunapima mahali pengine. Nilibadilisha mambo matatu: nikaomba kifurushi chenye njia pana ya kupanda, nikaligeuza dishi litazame mnara mwingine wa mbali, usio na watu wengi, na nikavuta waya hadi kwenye kamera ya jikoni ili isitegemee hewa. Nikamwambia pia kwamba kamera inaweza kutuma picha yenye ubora mdogo, ikapita kwa urahisi zaidi, ila sura yake haitaonekana vizuri.

"Punguza," akasema. "Mwanangu hahitaji kuniona nimependeza. Anahitaji kuniona nimesimama."

Ikatengemaa. Mwanawe akampigia akamwambia anamwona hadi mvuke wa chai, na kwamba ndugu zake wamekubali mama abaki. Mwalimu alinishukuru kwa kunishika kifundo cha mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilidhani kazi imekwisha.

Nilipita Maganzo wakati wa kuvuna, nikitokea Shinyanga, nikaona niingie kumsabahi. Mtaa ulikuwa mtupu, watu wote wako mashambani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, sikujibiwa, nikachungulia. Mwalimu alikuwa amelala chini, chali, mkono mmoja ubavuni, kwenye saruji ile ile.

"Fundi," akasema bila kugeuza kichwa, "simama hapohapo. Usiingie kwenye picha."

"Mwalimu, umeanguka?"

"Nimejilaza. Kaa hapo mlangoni, na usinyooshe mguu."

Nikaketi kizingitini. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Nikamwamkia, maana sikuwa nimemwamkia, naye akaitikia marahaba akiwa vilevile chali, akaniuliza habari za mke wangu.

"Unafanya nini, Mwalimu?" nikauliza mwishowe.

"Ulipima mashine yako ikafika Dodoma. Vizuri. Lakini mimi sikuwekewa kamera ili picha ifike Dodoma. Niliwekewa ili nikianguka mtu ajue. Hilo hakuna aliyelipima."

"Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu kivuli cha mlango kilipokuwa kwenye mguu wa meza."

Nikatazama. Kivuli kilikuwa kimeshauacha mguu wa meza, kimevuka mafiga, na kimefika ukutani kwa upande wa pili. Nikatoa simu yangu na kupima intaneti palepale, kwa mazoea tu ya mtu asiye na la kusaidia. Kinachoingia kilikuwa kizuri. Kinachotoka kilikuwa kizuri. Taa ya kamera ilikuwa inawaka juu ya kabati la vyombo, ikimtazama bila kupepesa.

"Nimpigie?" nikauliza.

"Mgonjwa aliyeanguka ana fundi wa kumpigia?"

Nikairudisha simu mfukoni. Tukasubiri. Kuku aliingia, akamzunguka, akatoka. Mwalimu alikuwa na miaka zaidi ya sabini, kwa makisio yangu, kwani umri wake hakumwambia mtu, na sakafu ile ilikuwa baridi. Hakusogea.

Kivuli kilikuwa kimeanza kupanda ukutani simu yake ilipolia. Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni. Aliitoa, akaiweka kifuani, akafungua sauti.

"Mama! Mama, umeanguka? Nakuona uko chini, Mama, nisubiri, namtafuta mtu..."

"Sijaanguka, baba. Nimelala kwa makusudi. Tulia. Picha unaipata vizuri?"

"Naipata. Mama, inuka."

"Inakwama?"

"Haikwami."

"Basi kazi ya Fundi ni safi. Uliifungua lini?"

"Sasa hivi. Nilikuwa kwenye kikao, Mama. Halafu kikao kingine."

"Najua. Una kazi. Sikulaumu, napima tu."

"Mama, ndiyo maana nilisema uje huku. Hapo uko peke yako."

"Huko kwako mchana yuko nani?"

Kwenye simu ukasikika mlango ukifungwa.

"Wewe kazini," Mwalimu akasema, "mkeo kazini, watoto shule. Nikianguka huko?"

"Tutaweka..." alianza mwanawe, kisha akajisikia mwenyewe anachotaka kusema, na nikamsikia akicheka kwa uchungu. "Tutaweka kamera, Mama."

Mwalimu naye akacheka, chini pale. Kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mwanawe.

"Nikueleze hali yangu. Mguu wa kushoto haunitii asubuhi. Niliteleza juzi nikashika meza. Nitaanguka tena, baba, sijui lini. Nataka kuangukia kwangu, na nataka mtu aje siku hiyohiyo. Hayo mawili. Nipe mpaka mwezi ujao nikuonyeshe, na usiponielewa nitapanda gari lako bila neno."

Nilimsikia mwanawe akivuta kiti, akaketi.

"Sawa, Mama," mwanawe akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Asante kwa kuniambia."

Mwalimu akakata simu. Akaninyooshea mkono mzima, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea.

Kwetu, mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake baadhi awatunze. Ng'ombe anabaki kuwa wa mwenyewe, na anayemtunza hunywa maziwa. Hivyo nyumba mbili zinafungana. Mwalimu aliichukua desturi hiyo na kuigeuza. Alimwendea Mama Kulwa akamwomba ng'ombe mmoja anayenyonyesha alale kwenye banda lake, na ndama wake. Maziwa yote yatakuwa ya Mama Kulwa. Sharti lilikuwa moja: aje kukamua mwenyewe, asubuhi na jioni, na akifika apige hodi mlangoni kwanza.

"Mayu, maziwa yangu, ng'ombe wangu, na majani ya kwako?" Mama Kulwa alimwambia, kama alivyonisimulia baadaye. "Wewe unafaidi nini?"

"Unaweza kusahau kunitazama. Mwanangu anasahau, naye ananipenda. Ng'ombe aliyejaa maziwa hasahauliki. Ukichelewa atalia mtaa mzima ukujue."

Mwanawe alipoelezwa aliuliza kama kamera sasa ziondolewe. Mwalimu akakataa. Alisema atapenda kuendelea kuonekana na Dodoma, mradi Dodoma isijidanganye kwamba kuona ni kufika. Gari halikuja.

Nilimtembelea mara ya mwisho mapema mwaka huu, asubuhi, nikiwa njiani kwenda Geita. Alikuwa amenyoosha mguu wake wa kushoto kwenye kigoda, akiongea nami kuhusu wauguzi wa siku hizi. Nikapima intaneti, tukaandika kinachoingia na kinachotoka, kwa mazoea. Katikati ya neno lake sauti ikaja kutoka uani, ikimwamkia kwa Kisukuma.

"Hodi, mayu. Mwangaluka."

"Nipo," akajibu Mwalimu.

Mama Kulwa hakuingia. Tulimsikia akimsogeza ndama na kuchuchumaa. Mwalimu akainua kidole ili nisiongee, akasikiliza, na alipoyasikia maziwa yanaanza kulia kwenye ndoo, ndipo akaendelea na maneno yake kutoka pale alipokuwa ameyaachia.